Garland Hagongi Paa

Katika uwanja wetu wa mbio za magari wa Stony Knob, dereva akimsukuma mwenzake mpaka gari likazunguka, kuna njia moja ya kiungwana ya kulimaliza jambo. Bendera ya manjano ikishatoka na magari yamepunguza mwendo, anapenyeza mkono pembeni mwa wavu wa dirisha na kugonga paa la gari lake mara mbili. Maana yake: ni mimi. Hapo anapelekwa nyuma ya msururu wote, na aliyekosewa anarudishiwa nafasi yake. Hakuna kesi wala kelele, na mbio zinaendelea.

Garland Tesseneer alikimbiza magari pale zaidi ya miaka ishirini na hakugonga paa hata siku moja.

Si kwamba hakuwasukuma watu. Aliwasukuma, tena sana. Wiki nzima alikuwa mtu mpole, fundi wa kuchomelea mageti ya ng'ombe na trela zilizovunjika, anayeinamisha kichwa akikupa hujambo. Jumamosi akishavaa helmeti, shetani sijui alikuwa akiingilia wapi. Baba yake, marehemu Clete, naye alikuwa dereva, na alimfundisha kwamba ukigonga paa leo, kesho wote watakuona laini. Basi ikawa msemo wa jukwaani. Mtu akikataa kosa lililo wazi, hata la kumwaga chai, utasikia, "Huyu ni Garland, hagongi paa."

Mimi nauza chakula kwenye dirisha lililo chini ya jukwaa. Nimekaanga nyama na vitunguu pale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na madereva nawajua kwa njaa zao. Garland alikuwa wa nyama mbili na haradali nyingi.

"Umemzungusha mjukuu wa Pruitt mbele ya bibi yake," nilimwambia siku moja.

"Dada Vonda, yeye ndiye aliyesimama njiani."

"Alisimama? Alikuwa anakwenda maili tisini!"

"Basi angekwenda mia. Niongezee haradali."

Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Nilimwongezea.

Mtu pekee aliyemweza alikuwa Hoyt Lackey, dereva wa lori la maziwa, mtu wa mwili na utani mwingi. Julai ya mwaka ninaousimulia, Garland alikuwa anaongoza hadi kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho. Hoyt akamgusa bampa kidogo tu, akampita, akashinda. Kisha, wakati anazunguka uwanja kwa mwendo wa mshindi, akatoa mkono akagonga paa. Mbio zimekwisha, hakuna nyuma ya kupelekwa! Jukwaa zima lilivunjika mbavu, nami nilicheka hadi nikaunguza vitunguu. Garland hakushuka kwenye gari lake mpaka taa zilipoanza kuzimwa.

Oktoba ikafika, mbio za kufunga mwaka. Bingwa angekuwa Hoyt au Garland, yeyote atakayemaliza mbele ya mwenzake. Twyla, mke wa Hoyt, alisimama dirishani kwangu na soda mkononi, uso umemkunjamana.

"Kile kishikio cha shingo amekiacha tena nyumbani," aliniambia. "Kimetundikwa msumarini. Eti kinamkaba."

Siku hizo vishikio hivyo, vya kuzuia shingo isivunjike gari likigonga, havikuwa vimelazimishwa. Nilimwambia asijali, Hoyt ana shingo ya fahali. Maneno ya kumfariji mtu tu hayo, unayatoa bila kufikiri.

Lazima nieleze kitu kimoja. Kusukumana kwetu kuna mipaka, ingawa haikuandikwa popote. Unamsukuma mtu kwenye kona, ambako mwendo ni mdogo na gari huzungukia mkia wake likaishia majanini. Kwenye njia iliyonyooka humgusi. Pale ukimpiga pembe ya nyuma ya kushoto, pua ya gari lake inageukia ukuta, naye anaukabili uso kwa uso kwa mwendo wake wote. Kila dereva analijua hilo kabla hajajua kubadilisha tairi.

Ilibaki mizunguko michache. Hoyt mbele, Garland mgongoni kwake. Walitoka kona ya pili, wakaingia kwenye njia iliyonyooka, na Garland akampiga pembe ya kushoto.

Nilikuwa nimetoka nje kumwaga maji. Niliona kwa macho yangu. Gari la Hoyt liligeuka, likaupiga ukuta kwa pua, na sauti yake niliisikia tumboni. Gari la tatu lililokuwa nyuma yao likagonga mabaki, likaanza kufuka moshi. Bendera nyekundu ikatoka: kila gari lisimame lilipo, kila dereva abaki ndani. Anayeshuka anafutwa kwenye mbio.

Sote tukasimama. Tulikuwa tunautazama ule wavu wa dirisha la Hoyt, maana dereva akipata ajali, akiwa mzima, huushusha. Wavu ukianguka, tunajua mwenzetu yuko hai. Nimewaona wake za watu wakiutazama wavu kama mtu anavyomtazama daktari akitoka chumba cha upasuaji.

Wavu ukaanguka.

Lo, makofi! "Hoyt yuko salama, jamani! Mpigieni Hoyt!" mtangazaji akapaza sauti. Twyla akanikumbatia, akalia. Watu wa gari la wagonjwa, waliokuwa wanakimbia, wakapunguza mwendo na kuligeukia lile gari la tatu lenye moshi. Hakuna aliyewalaumu baadaye. Kila mmoja wetu angefanya vilevile.

Gari la Garland lilikuwa limesimama karibu kabisa na la Hoyt. Mara tukamwona anashusha wavu wake, anatoka dirishani, anakimbia kuelekea kwa Hoyt.

Jukwaa likamzomea. Walidhani anakwenda kumpiga. "Bado hujatosheka?" mwanamume mmoja nyuma yangu akapiga kelele. "Mbwa wewe!" Wasimamizi wawili walimrukia, wakamwangusha kwenye lami, na yeye chini yao akawa anapiga mayowe ambayo hatukuyasikia vizuri kwa ile zomeazomea. Ndipo msimamizi mmoja akanyanyua kichwa, akatazama gari la Hoyt, na kumwachilia.

"Hakuna mkono!" Garland alikuwa akisema. "Hakuna mkono!"

Na kweli. Mtu akishusha wavu, mkono wake unaonekana. Utauona unafungua komeo, halafu unapunga au unakulaani. Wavu wa Hoyt ulianguka wenyewe, komeo lilikuwa limevunjika kwa ule mshindo. Sisi tulimpigia makofi mtu aliyekuwa hapumui.

Garland aliingiza mikono dirishani, akakuta kidevu cha Hoyt kimezama kifuani. Akakiinua kichwa pamoja na helmeti, akakishika hivyo hivyo bila kukigeuza, mpaka waokoaji walipofika na kumwambia aachie. Walimwambia mara tatu. Hoyt alipumua tena mikononi mwake.

Shingo ilivunjika. Nguvu za mikono ya Hoyt zilirudi baada ya miezi, za miguu hazikurudi.

Sasa sikiliza jambo lililoniudhi, na linaniudhi hadi leo. Watu wakamgeuza Garland shujaa! Kila mtu aliona alichofanya kwenye njia iliyonyooka, lakini kila mtu pia alikuwa amepiga makofi, na aibu yetu ilitaka mahali pa kujificha. Kanisani mchungaji alimshukuru Mungu kwa mikono ya ndugu yetu Garland. Walimsimamisha. Garland akasimama, shingo imemwiva, akakaa.

"Gari liliteleza," ndivyo alivyosema alipoulizwa, na aliulizwa mara moja tu.

Twyla akamwokea keki. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari langu, na tulimkuta Garland kwenye karakana yake, moto wa kuchomelea umezimwa, amekaa juu ya ndoo.

"Ni ya nazi," Twyla alimwambia. "Hoyt asingekuwa hai bila wewe."

Garland aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka juu ya meza ya kazi, akarudi kukaa kwenye ndoo. Niliporudi kwake siku nyingine kuchukua geti langu, keki ilikuwa bado juu ya meza ya kazi, imekauka, haijaguswa kisu.

"Utaila au utaichomelea?" nilimwuliza.

"Siwezi kumeza, Dada Vonda."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Unajua dawa yako iko wapi."

Alinitazama kama nimemtukana. Nikabeba geti langu nikaondoka, na sikumwonea huruma.

Alikwenda kwa Hoyt mwezi Machi. Nilikuwepo, nimempelekea Twyla maharage na mkate wa mahindi. Hoyt alikuwa barazani kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi miguuni, analitazama gari lao jipya lenye kipandishi cha kumwingizia ndani. Garland aliegesha lori lake barabarani, akaingia kwa miguu, sahani ya keki ya Twyla mkononi. Hakutusalimu. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari la Hoyt, akainua mkono, akagonga paa mara mbili.

Hoyt akaliacha gari, akamtazama yeye.

"Umechelewa," Hoyt akasema.

"Najua."

"Uliteleza?"

"Sikuteleza. Nilikukusudia."

"Mimi nilijua tangu kabla sijaufikia ukuta, bwana. Ulidhani nani humu hajui?" Hoyt akakigeuza kiti kumkabili. "Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Garland akavua kofia.

"Basi nyuma," Hoyt akamwambia. "Nenda nyuma."

Twyla aliyekuwa mlangoni alishuka ngazi. Nilidhani atampiga kofi, na ningemshikilia Garland afanye hivyo vizuri. Alinyoosha mkono tu.

"Nipe sahani yangu," alisema.

Garland hakuendesha tena gari la mbio. Aliliuza. Msimu ulipofunguliwa alikwenda kwa wasimamizi akaomba kazi ya kukagua magari getini, bila malipo, na mpaka leo yuko pale na tochi yake. Anavuta kila mkanda, anafungua na kufunga kila komeo la wavu. Huna kishikio cha shingo, huingii. Vijana humtukana. "Mzee, wewe ndiye wa kutufundisha usalama?" mmoja alimwuliza mbele ya watu. Garland akajibu, "Ndiyo, mimi," na kumrudisha nyumbani.

Lakini ukitaka kumwona Garland hasa, njoo kanisani kwetu siku ya chakula cha pamoja. Tangu ule Machi hukaa mwisho wa foleni. Akija mtu nyuma yake, humpisha. Mke wa mchungaji mpya alimshika mkono siku moja ampeleke mbele, na Garland akamwambia kwa adabu kwamba alitumwa pale. Mara nyingi kuku humalizika kabla hajafika, akala shingo na mchuzi. Hoyt huwa wa kwanza, kiti chake kinasukumwa mpaka mezani. Hawakusemezana miaka sita. Na mimi nilikuwa nikiwaza kwamba sheria yetu ina vipande viwili, na Garland ametimiza kile kimoja tu. Cha pili, cha kumrudishia mwenzake nafasi yake, kiko nje ya uwezo wa binadamu.

Vuli iliyopita tulikula nje, chini ya kivuli cha kanisa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, majani yamelowa. Mchungaji alimaliza kuomba, Twyla akashika kiti cha Hoyt kumpeleka mezani kama kawaida. Hoyt akamwondoa mkono. Akageuza magurudumu mwenyewe, akaanza kurudi kando ya foleni, kumpita kila mmoja wetu, matope yanamvuta, anahema. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika mwisho akasimama mbele ya Garland, amempa mgongo.

"Unangoja nini?" akasema bila kugeuka. "Nisukume."

Garland alitutazama sisi, kisha akavitazama vile vishikio vya kiti.

"Wapi?"

"Mbele, bwana. Kwani chakula kiko nyuma?" Halafu Hoyt akaongeza, kwa ile sauti yake ya zamani ya utani ambayo hatukuwa tumeisikia tangu lile pigo, "Lakini safari hii polepole."

Tukapisha. Garland alivishika vishikio kwa mikono miwili, akamsukuma juu ya majani hadi mezani, na njia nzima hakuondoa macho yake kwenye shingo ya Hoyt.