Kunoa Mbele ya Fahali

Mimi shule niliiona kwa dirisha tu, lakini makali nayajua. Miaka ile kaunti imeanza, hoteli zikifunguliwa mjini kila kukicha, nilikuwa nanoa visu mtaani Bulla Pesa kwa baiskeli. Unaisimamisha, unakanyaga pedali, jiwe linazunguka. Watu hufikiri makali ni kitu kimoja. Hapana. Panga la kuni ukilifanya jembamba kama wembe, linameguka pigo la kwanza. Mkasi wa fundi cherehani ukiunoa upande wa ndani, umeuua. Marehemu mke wangu naye ulimi wake haukuhitaji jiwe, na leo natamani anikate nao hata mara moja.

Lakini nilikuwa nasema juu ya visu. Cha kuchinja ndicho kigumu. Kinataka makali marefu, laini, bila pengo, kipite koo mara moja mnyama asiteseke. Rafiki yangu mchinjaji, Mborana, aliniletea vyake hata baada ya jamaa mmoja kuweka grinda, jiwe la kunolea la umeme, hapo karibu. "Hiyo inaunguza chuma," alikuwa akisema, nami kichwa kinavimba.

Basi akaoza binti yake, kwao Kinna, akanialika. Nilienda na jiwe dogo mfukoni, mazoea tu. Asubuhi fahali amelazwa, miguu imefungwa, ameelekezwa kibla. Rafiki yangu akagusisha kisu kwenye ukucha wa kidole gumba. Kisu kizuri hushika ukucha. Hiki kiliteleza.

"Jirani, kimelala," akaninong'oneza.

Kazi yangu ilale mbele ya wakwe! Nikakinyakua, nikachuchumaa pale pale karibu na kichwa cha fahali, nikaanza kunoa. Watu wote wakanigeukia. Nikadhani wanapenda ufundi.

"Wewe mzee!" mama yake rafiki yangu akapaza sauti. "Unamnolea mnyama kifo chake na yeye anaona?" Akavua leso begani, akamfunika fahali macho.

Rafiki yangu akanitazama. "Miaka yote unakula nyama yangu, hujui kwetu mnyama haonyeshwi kisu?"

Kweli ya Mungu, sikujua. Visu vilinijia kivulini kwangu. Nilivinoa maisha yangu yote bila kusimama penye kuchinjwa. Hapo mkwe mmoja akatoa kisu chake, kinang'aa, kimetoka kwa grinda. "Tumia hiki, tusichelewe."

Rafiki yangu akakipokea. Mimi nikakipeleka kile cha kwanza nyuma ya nyumba. Macho yangu yalishaanza ukungu wa uzee, nikanoa kwa sikio na kidole. Niliporudi, kisu nimekificha ndani ya koti, bado alikuwa ameshika kile cha mkwe, hajakitumia. Akamrudishia mwenyewe. Akaweka nilichonoa ukuchani, kikashika. Akasoma bismillahi, akapitisha mara moja, kwisha.

Mama yake alinipa maziwa bila kuniangalia. Nikayanywa nikijua nimepoteza visu vya rafiki yangu, na yeye mwenyewe pia.

Jumatatu rafiki yangu akaja Bulla Pesa na furushi lake la visu. Hakunisalimu. Akazunguka baiskeli, akainama akichungulia nyuma ya kibanda.

"Unatafuta nini?"

"Ng'ombe," akasema. "Naona hakuna. Haya, noa."