Tiketi za Wawili Wawili

Kila meli ya watalii ilipotia nanga, Mama Tiketi, kama walivyomwita gatini, alifungua kibanda chake akaanza kumwaga sera. "Machweo ya leo mnayatazamia wapi, wapenzi? Kwenye boti, ufukweni, au kule kilimani?" Maneno yalimtoka kama maji. Tiketi aliziuza mbili mbili, kwa sababu kila benchi lilikuwa la watu wawili na bosi wake hakutaka nafasi ipotee.

Jioni moja akaja bibi mmoja, peke yake.

"Wewe, mwanangu, unapapenda wapi?"

Mama Tiketi akaziweka tiketi chini. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Na kibanda chenyewe kilitazama ubavu wa meli. Machweo aliyoyauza miaka yote aliyajua kwa picha za ukutani tu.

"Kilimani," akajibu, akikaza uso. "Ila tiketi ni za wawili, bibi."

"Basi nipe mbili. Moja yako."

"Na kibanda nimwachie nani? Nenda tu, bibi yangu, utanisimulia."

Bibi akaenda. Hakurudi kusimulia, meli ilipiga honi, ikaondoka naye.

Kesho yake gati lilikuwa tupu. Mama Tiketi akafunga mapema, akapanda kilimani kwa mara ya kwanza. Kwa mazoea ya kazi, akaketi mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu wa pili. Jua likazama taratibu, jekundu, zuri kuliko picha zote.

"Umeona?" akauliza, akageuka.