Mtungi Juu ya Dishi

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, Pujini, saa sita mchana. Najua ungependa nikwambie ulikuwa usiku wa giza, lakini siwezi kulibadilisha ili likupendeze wewe. Jua lilikuwa utosini, na mimi ni mtu mwenye shahada ya fizikia, ambayo mama yangu aliitundika ukutani juu ya kitanda chake. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Nitakusubiri.

Miaka ile madishi makubwa ya televisheni ndiyo kwanza yanaingia Pemba. Nililinunua langu kwa mshahara wa ualimu, na sebuleni kwangu watu wakawa hawana pa kukanyaga. Kisha Hamadi, mume wa dada yangu, akaweka la kwake nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hamadi ni mkulima wa karafuu, hakumaliza hata darasa la saba. Lakini picha yake ilikuwa safi. Yangu, jua likipanda tu, ilijaa chenga. Watu wakahamia kwake, na majamvi yao kwapani.

"Mwalimu," aliniambia siku moja tukitoka msikitini, watu wote wakisikia, "njoo utazame mpira kwangu. Kwako wachezaji wacheza ndani ya uji."

Alicheka mpaka imamu. Nikaapa nitamlipiza. Jumamosi ile kulikuwa na mechi kubwa saa kumi alasiri. Nilitaka watu wote warudi kwangu, na Hamadi aje wa mwisho, aombe nafasi mlangoni.

Hapa ndipo shahada ilipoingia. Mbele ya dishi kuna kichwa kidogo kinachopokea mawimbi. Kikipata joto hutoa kelele yake chenyewe, na kelele hiyo huongeza chenga. Kipoze, na picha inatulia. Nilikifunga gunia bichi. Lilikauka kabla sijashuka ngazi. Nikafikiri mtungi, maana udongo unaotoka jasho hupoza kuliko kitu chochote. Mitungi mipya ya sokoni haikutoka jasho la maana. Nilihitaji wa zamani, na nilijua ulipo.

Nyuma ya mashamba ya muhogo kuna mzimu, mahali pa matambiko penye jiwe kubwa. Wanawake hupeleka pale ubani na maji, kutimiza nadhiri mgonjwa wao anapopona. Chini ya jiwe palikuwa na mtungi mdogo, mweusi kwa ukale, uliojaa maji. Niliyamwaga chini, nikautia kwenye mkoba wangu wa vitabu. Nilirudi nikipiga mluzi. Niamini, huo mluzi ndio unaoniuma zaidi.

Nikaukata kwa msumeno, nikakivika kile kichwa kwa nyuma bila kukiziba mdomo, nikaulowesha. Jumamosi mchana nikawasha televisheni. Ndugu yangu, niliweza kuhesabu nyasi za uwanja!

Nilikuwa bado nashangilia peke yangu niliposikia hodi. Mwanamke mzee alisimama uani, kajifunika kanga nyeupe iliyofifia. Usiniulize kama alikuwa na kivuli. Saa sita mchana hata mimi sikuwa nacho.

"Mwanangu, nna kiu," alisema.

Nilimletea kikombe cha maji kutoka kwenye friji, ya baridi hata yakaniuma vidole. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama, akanirudishia bila kunywa. Maji yalikuwa yanafuka moshi.

"Haya siyo yangu," alisema. "Yangu yako wapi?"

"Yepi, bibi?" Nilijua vizuri yepi.

Akainua macho kwenye dishi. "Umempa yule pale juu. Haya, picha yako ibaki. Na kiu yangu ibaki nawe."

Kikombe kiliniunguza, nikakiangusha. Nilipoinua kichwa uani hapakuwa na mtu, na vumbi halikuwa na alama ya mguu ila yangu.

Je, nilipanda ngazi kuutoa mtungi? Hata. Mechi ilikuwa saa kumi.

Walikuja wote. Hamadi alikuja wa mwisho, akasimama mlangoni, kama nilivyotamani. Picha ilikuwa kama kioo. Lakini haikupita robo saa watu wakaanza kujipepea kwa kofia zao. Mmoja akaomba maji, akayatema. Nikafungua friji: kila chupa ilikuwa ya moto. Wakatoka mmoja mmoja, mashati yamelowa, kabla ya mapumziko.

"Shemeji," alisema Hamadi, "picha nimeikubali. Lakini nyumba hii tanuri."

Nilimweleza mama usiku ule. Nilitegemea atanipiga. Aliketi tu.

"Mtungi ule niliupeleka mie," alisema. "Wewe ulikuwa mtoto wa miaka mitatu, homa ilipokutoka baada ya watu kukukatia tamaa. Niliahidi hautakauka nikiwa hai. Dada yako ndiye anijazia sasa, miguu yangu haifiki."

Nilirudisha vipande. Nikapeleka mtungi mpya, na wa pili. Dishi nikaling'oa. Wapi! Tangu siku ile maji hayapoi nyumbani kwangu, si ya kisima, si ya mvua, wala barafu haigandi. Mama alivumilia mwezi mmoja, kisha Hamadi akaja kumchukua akakae kwake. Shahada yangu aliiacha ukutani.

Kila mchana naenda kwa Hamadi na kikombe changu. Nanywa maji nimesimama uani kwake, kwani nikivuka nayo mlango wangu hupata moto. Mwanzoni nilingojea Hamadi anitanie, na jibu nilikuwa nalo. Hajanitania hata siku moja. Hunijazia kikombe, akatazama pembeni mpaka nimalize.

Kwa hiyo wewe unayepita Pujini, ukiukuta mtungi chini ya jiwe, usiuguse, hata kama hujui ni wa nani. Mimi sikujua kuwa ulikuwa wangu.