Karani wa Vifo na Siku za Joto

Karani wa vifo wa hospitali ya serikali hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Miaka ishirini na miwili aliandika marehemu kwa hati nzuri, jina, umri, ugonjwa, tarehe, kisha akanywa chai yake. Wenzake walimwita Bi Kalamu, na wapo waliomkwepa koridoni, eti jina lao lisije likamkaa kichwani.

Chumba chake kilikuwa na kuta nene kuliko vyote, kwa hiyo ndimo lilimowekwa jokofu la chanjo. Akapewa na kazi ya pili: asubuhi na alasiri aandike joto la jokofu na joto la nje. Kalamu ile ile, madaftari mawili. Hakuwahi kuyafungua pamoja. Ya nini?

Siku moja mvua ikanyesha, paa likavuja, madaftari yakalowa. Akayatandaza sakafuni yakauke, la joto kushoto, la vifo kulia, akakaa kitako kuyapepea kwa faili. Ndipo alipoona. Kila joto lilipopanda siku tatu mfululizo, ukurasa wa upande wa pili ulijaa mpaka pambizoni. Akafungua mwaka uliotangulia: vilevile. Na uliotangulia huo. Wazee, wengi wao wakaao peke yao. Kwenye safu ya ugonjwa alikuwa ameandika moyo, figo, kiharusi, uzee. Neno joto halikuwemo hata mara moja. Nywele zilimsimama. Jambo kubwa namna ile lilikuwa limepita mikononi mwake miaka yote, naye anakunywa chai.

Akambebea mganga mkuu madaftari yote, na mzee yule akazipekua kurasa moja moja mpaka mwisho.

"Nani mwingine ameliona hili?"

"Hakuna, daktari. Hata mimi nimeliona leo."

Kabla msimu wa joto haujaanza, wahudumu wa afya wa mtaa waliorodhesha kila mzee anayeishi peke yake. Jua likiwaka, wangempitia kila mmoja nyumbani kwake, na ukumbi wa wagonjwa wa nje ungekuwa wazi, feni na maji bure.

Katika orodha ile alikuwemo shangazi yake Bi Kalamu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Aliishi chumba kimoja cha mabati, na ubishi wake ulitosha vyumba vitatu.

"Shikamoo shangazi. Joto likizidi, njoo ukumbini hospitali."

"Marahaba. Nije huko watu wanakofia? Na mwandishi wao ndiye wewe. Unanitafutia mstari?"

"Basi fungua hata dirisha."

"Mimi joto silisikii, mwanangu. Nasikia baridi."

Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea njiani, na papo hapo akajuta kuisema methali ile.

Joto likaja kweli. Siku ya tatu mhudumu alirudi na orodha yake, na mbele ya jina la shangazi palikuwa na alama ya vyema.

"Ulimwona kwa macho?" Bi Kalamu akauliza.

"Nilimsikia. Alijibu yuko ndani, mzima, niende zangu."

Bi Kalamu aliacha daftari wazi mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka mbio.

Majirani walisukuma mlango. Dirisha limefungwa, shangazi amejikunyata kitandani na sweta mwilini, ngozi kavu, inachoma kama bati la juu. Alimtazama Bi Kalamu akamwita kwa jina la marehemu mama yake. Walimbeba kwa shuka hadi hospitali.

Wauguzi hawakuuliza kadi wala ndugu. Walimvua sweta, wakamfunika shuka mbichi, feni ikaelekezwa kwake, dripu ikafungwa. Joto la mwili, arobaini na moja. Bi Kalamu aliyeandika nyuzi maelfu kwa maelfu sasa aliomba ishuke moja tu. Arobaini. Thelathini na tisa na nusu. Alitazama kinywa wazi: maji, upepo, kitambaa na mikono ya watu wanne, basi, na mauti yanarudi nyuma. Joto lilipofika thelathini na nane shangazi alifumbua macho.

"Nani kanivua sweta langu?"

Bi Kalamu akalia mbele ya watu.

Joto lilipopita, alihesabu ukurasa. Kwa mazoea ya miaka ile, majina yangezidi thelathini. Yalikuwa kumi na moja. Alihesabu mara tatu. Hao wengine, ishirini na kitu, ni akina nani? Wenyewe hawakujijua. Huenda saa ile mmoja alikuwa akigombana na jirani, mwingine akitafuta miwani yake. Kwa yakini alimjua mmoja tu, naye alikuwa ukumbini, anawahutubia wazee wenzake.

"Mkigongewa, fungueni. Mimi nilijibu kwa mdomo tu, nusura niandikwe na mwanangu mwenyewe."