Msumari wa Mjomba

Majina yao wote ninayo kichwani, hata la farasi. Siyaandiki, maana wenyewe wana wajukuu, na wajukuu wana masikio.

Mume wangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa Mzungu mmoja, enzi za Mwingereza. Sie tulikaa Mwananyamala, wakati huo minazi na mihogo tu. Alitoka alfajiri, akirudi ananuka jasho la yule farasi jike mwekundu kuliko jasho lake mwenyewe. Tukila, hadithi ni kwato. Ukwato ni ukucha, husema, unakua. Kila baada ya wiki sita viatu vya chuma vitolewe, ukwato upunguzwe, upigwe tupa, ndipo chuma kirudi. Na msumari una njia yake: upite kwenye ukucha mkavu, utokeze ubavuni. Ukienda ndani kidogo tu, umefika kwenye nyama.

Basi Bwana, yule Mzungu, akasafiri kwenda Morogoro. Aliacha neno moja: kiatu cha mguu wa mbele kimelegea, kipigiliwe, akirudi ampande. Fundi wao wa viatu vya farasi alikuwa Mhindi wa Kishia, na zilikuwa siku kumi za mwanzo za Muharamu. Kafunga duka, kavaa nyeusi, yuko kwenye maombolezo. Ilikuwa kungoja siku chache tu. Mie ndiye niliyesema, "Kwani mjomba wangu si anafua chuma kule Temeke?"

Mjomba alikuwa akivisha mikokoteni magurudumu ya chuma. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyeniozesha. Mguu wa farasi alikuwa hajaushika maishani. Tukampelekea farasi hivyohivyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo mmeniletea bibi harusi! Gurudumu halijapata kunikodolea macho hivi."

Akapiga. Msumari wa tatu, farasi akavuta mguu, ngozi ikamtetema mpaka begani. Mume wangu akasema taratibu, "Mkwe, naona huo umegusa nyama."

"Nyama kwenye ukucha? Wazungu wamekudekeza, mkwe wangu. Huyu ana kisirani tu." Akaikunja ncha, akaigongagonga ikalala.

Watu wa karakana wakacheka. Mume wangu akainamisha kichwa. Kwetu mtu hamwumbui mkwewe mbele ya watu.

Tulipomrudisha bandani, alichukua koleo aung'oe. Nikamshika mkono.

"Mjomba kasema atakuja kesho kutwa kuitazama kazi yake. Akikuta umeng'olewa, nitauweka wapi uso wangu? Ngoja aje aone, kisha utoe."

Akaliweka koleo chini. Kesho kutwa ikafika, mjomba hakuja. Siku ya nne farasi hakanyagi, ukwato una moto kama chungu kilichotoka jikoni. Hapo hakuniuliza. Akaung'oa, yakatoka maji meusi yananuka. Tukamkanda kwa maji moto ya chumvi, tukamfunga pumba ndani ya gunia. Akaanza kukanyaga. Mie nikasema alhamdulillah.

Wiki ilipokwisha masikio yakamsimama, mkia ukakakamaa, miguu kaitanua kama ya kitanda. Taya halifunguki. Yule fundi Mhindi alikuwa ameshatoka kwenye maombolezo yake. Alikuja, akamtazama mara moja tu.

"Pepopunda. Nani amepiga hiki kiatu?"

"Mimi," mume wangu akasema.

Akampa ule msumari aliokuwa ameung'oa, fundi akaugeuza kiganjani. Wa mkokoteni, mnene. Akautia mfukoni. Alipofika mlangoni ndipo akasema, "Ungetoka siku ileile, ndugu yangu."

Tukaziba madirisha kwa magunia, maana hata ndoo ikigonga ukuta anatetemeka mwili mzima. Mume wangu alimwinulia maji mpaka mdomoni. Anayanusa, anayataka, kunywa hawezi. Mie nimesimama na kibuyu cha mafuta ya simsim, sijui nimpake wapi. Siku ya pili yake Bwana akarudi, akachukua bunduki. Kazi nayo ikaishia hapo.

Maulidi mjomba akaja kututembelea, kashika kuku wawili.

"Na yule bibi harusi wangu," akauliza, "kiatu bado kinashika?"

Mume wangu akanitazama, akangoja mie niseme.

"Kinashika, mjomba."

Akafurahi. Akamgeukia mume wangu, "Si nilikwambia?" Akaomba chai nyingine, nami nikaenda kuichemsha.