Nyumba Katikati ya Kiwanja

Kamba ya timazi ya baba inanuka mawese. Sijui kama kamba za mafundi wengine zinanuka hivyo, maana sijapata kwenda kuzinusa, lakini hii yetu mama ameipaka mafuta miaka yote ili isioze. Juzi fundi anayenijengea huku Kizuka alisahau timazi yake nyumbani, nikampa hii: kipande cha shaba chenye ncha, kinachoning'inizwa kando ya ukuta ili fundi ajue kama umesimama wima au umeanza kulala. Alipofungua kitambaa, harufu ilinipanda puani, na mara nikawa nimesimama kwenye kiwanja kingine, peku, matope yakinitoka katikati ya vidole.

Nilikuwa darasa la pili tuliporudi Burundi kutoka kambini Tanzania. Tulikuwa watatu: mama, mdogo wangu Lazaro, na mimi. Nasema tuliporudi, ingawa mimi na Lazaro tulizaliwa kambini, na Rumonge kwetu ilikuwa jina tu ambalo wakubwa walilitaja wakishashiba. Baba alikuwa fundi mwashi. Asubuhi ya safari alitupandishia magodoro kwenye lori, kisha akampa mama timazi yake, imefungwa kwenye kipande cha kitenge.

"Fundi atakayekujengea atumie hii," alimwambia. "Mimi nakuja na malori ya mwisho, nikimaliza ile kazi niliyoishika."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hakusema neno, na mama yangu si mtu wa kukosa neno. Nilidhani ni uchovu wa kufungasha.

Shamba la babu tulilikuta lina watu. Hawakuwa wabaya, na wao walikuwa wamezeeka hapo. Ikaamuliwa tugawane, sisi tukapata upande mwembamba unaotoka barabarani hadi kwenye mstari wa michikichi. Tukalala chini ya turubai. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya ndagala, dagaa wa huku, wanaoanikwa, ukitoka mlimani ulileta moshi wa mapipa ya mawese, na usipotoka popote tulijinusa wenyewe. Watoto wa jirani walinicheka Kiswahili changu. Mimi nilisema sebule, wao walisema salo. Mimi nilisema mtoto, wao mutoto. Waliniita Mutanzania, nami nilijibu kwa kuwaeleza juu ya nyumba ambayo baba angetujengea. Ingekuwa na salo pana kuliko kanisa lao, na veranda ya kuzunguka, na vigae vyekundu. Nilikuwa mwongo mzuri, maana mimi mwenyewe niliamini kila tofali.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya huku kwetu, la sivyo hamtaelewa kilichoniuma. Mtu wa Rumonge hajengi nyumba yake kwa mara moja. Huanza na anekisi, kijumba cha vyumba viwili vitatu, anakisukuma nyuma kabisa ya kiwanja, na huko mbele anaacha uwanja mtupu. Ule uwanja ndio nyumba kubwa. Hata kama hakuna hata tofali moja, kila apitaye barabarani anaiona nyumba hiyo na kuipigia hesabu. Wako watu waliozeeka ndani ya anekisi, wakaozesha wajukuu, na bado ukiwatembelea wanakuomba radhi kwamba nyumba yenyewe bado.

Fundi wetu aliitwa Sadiki, Mwislamu wa mjini Rumonge, mcheshi, kofia yake imelowa jasho. Siku ya kwanza alizunguka kiwanja, akaenda moja kwa moja nyuma kwenye michikichi, akachomeka vijiti vyake.

"Mama Anjela, anekisi tutaiweka huku," alisema, akimwita mama kwa jina langu. "Huku mbele munaacha nafasi ya muzee. Akikuja, anasimamisha nyumba yake."

Mama alivitazama vile vijiti. Akaving'oa kimoja kimoja, akavibeba, akaja kuvichomeka katikati ya kiwanja, mbele ya turubai letu.

"Hapa," alisema.

Sadiki alicheka, akidhani mama hajui. "Hapana, Mama. Hapa ni katikati. Mukijenga hapa, nyumba kubwa itakaa wapi? Kiwanja kitakwisha!"

"Huko nyuma iko michikichi," mama alisema. "Nikiweka nyumba pale, nitakata mitatu. Na maji ya mvua yote yanashukia pale. Hapa iko pakavu."

Zilikuwa sababu nzuri. Mama alikuwa na sababu nzuri kwa kila kitu. Tulikuwa na uwezo wa matofali ya kuchoma kwa nyumba ndogo, au wa rukarakara, yale mabichi ya udongo, kwa nyumba kubwa. Mama alichagua kuchoma kwa msingi na pembe, rukarakara kwa kujazia, na vyumba viwili na salo basi. Saruji ya sakafu aliipangia salo peke yake. Vyumbani tungesiliba udongo. Madirisha aliyataka madogo kwa sababu mbao ni ghali. Hata jirani yetu, bibi aliyegawana nasi shamba, alikuja kutazama akasema huyu mwanamke anajenga kama mtu aliyekwisha jenga.

Lilipofika suala la paa, nilijipenyeza karibu. Vigae vilikuwa vyangu. Nilikuwa nimewaahidi watoto wa jirani.

"Vigae vinataka mutu wa kupanda juu kila mwaka, kutoa vilivyovunjika," mama alimwambia Sadiki.

"Ndiyo, Mama. Kila mwaka."

Kwetu mwanamke hapandi juu ya paa. Ni mwiko ambao hata kambini ulitufuata.

"Baba atapanda," nilisema.

Sadiki alivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena. Mama alitazama upande wa ziwa, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Tutaweka mabati," alisema.

Siku walipoanza kupanga tofali za kwanza, niliona kwa macho yangu kwamba ukuta unaota katikati kweli, na mbele yake, hadi barabarani, hapabaki hata pa kugeuzia baiskeli. Nililia kwa hasira. Nilimuuliza mama mbele ya mafundi, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kuitumia, baba atajenga wapi. Nilitegemea kofi. Nadhani nililitaka.

Mama alinipa ncha moja ya kamba ya kupangia tofali. "Shika kamba," alisema.

Nikaishika. Yeye akaivuta hadi pembe ya pili, akaikaza, na Sadiki akapanga tofali zake kwa kuifuata. Machozi yalinikauka usoni bila kufutwa. Ndipo, nafikiri, kitu ndani yangu kilipokufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unauona ni wako, unaugusa, haukujibu.

Nyumba ilipoezekwa tukahamia. Mvua ya kwanza ilipiga mabati kwa kelele hata Lazaro akaingia chini ya godoro. Kesho yake nilikwenda mtoni nikaleta mawe, na kwenye ule ukanda mdogo uliobaki mbele ya mlango, nikachora kwa mawe nyumba ya baba. Ilikuwa na salo, chumba cha baba na mama, na mahali pa mlango. Ilikuwa nyumba ambayo mtu mzima angelala akikunja miguu. Mama alitoka na ufagio, akasimama akaiangalia kitambo. Kisha akafagia kuizunguka. Akawa anafanya hivyo kila asubuhi, anapinda na ufagio wake kwenye kila pembe ya mawe yangu, na wageni waliokuja walionywa, "Pita huku, hapo ni kwa Anjela."

Malori ya mwisho yalikuja. Tulijua kwa sababu mji mzima ulijua. Nilikaa kando ya barabara na Lazaro, tukila mahindi ya kuchemsha, tukitazama watu wanavyoshuka na mbuzi zao, milango yao, hata mabati yao ya zamani. Walishuka wote. Dereva alifunga nyuma ya lori. Lazaro aliuliza kama yapo mengine, nami nikamwambia maliza hindi lako. Nyumbani mama alikuwa anasiliba ukuta wa ndani kwa viganja. Hakuuliza tumeona nini. Nilisubiri nilie, kama mtu anavyosubiri chafya, haikuja.

Sikumbuki ilikuwa mvua ya ngapi. Maji yalijaa mlangoni, tukawa tunaingia na matope hadi kwenye ile saruji ya mama. Nilitoka nikang'oa mawe yangu, ya salo, ya chumba, yote, nikayapanga kuwa njia ya kukanyaga kutoka barabarani hadi mlangoni. Ilikuwa kazi safi. Hata leo yapo. Mama alinitazama akiwa dirishani. Asubuhi yake alifagia ua moja kwa moja, kutoka ukutani hadi barabarani, bila kupinda popote.

Tulipokuwa watu wazima tuliambiwa, na mtu aliyedhani tunajua, kwamba baba alikuwa na mke mwingine kijiji cha jirani na kambi, na watoto wawili wakubwa kuliko Lazaro. Nilisikia habari hiyo nikiwa nakoroga ugali. Niliendelea kukoroga. Ulitoka laini.

Juzi, basi, mama alikuja Kizuka kutazama ujenzi wangu. Ziwa limepanda miaka hii, limekula nyumba za watu kule chini, ndiyo maana nimekuja kujenga juu. Aliketi kwenye rundo la tofali akaichukua timazi, akaivuta kamba katikati ya vidole kama anayeikagua. Nikamuuliza jambo ambalo nimelibeba zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nililiuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Tangu pale kwenye lori," alisema. "Fundi hamupe mutu timazi yake, kama na yeye iko anakuja."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli.

"Nilikuambia," alisema. "Nilijenga katikati."

Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, "Wewe ukaweka mawe. Ningefanya nini? Nikafagia kando."

Nilikaa karibu naye. Miaka yote nilidhani mama alimfungia baba nafasi, kumbe alichokuwa anakifungia nafasi ni kungoja. Hakutaka tuzeeke ndani ya anekisi, tukiwaomba wageni radhi kwa ajili ya mtu. Alitupa nyumba iliyokamilika, ndogo, yenye kelele ya mabati, na hakuna chumba kilichobaki cha kusubiriwa. Nilijua kwamba hapo ndipo binti hulia, akamkumbatia mama yake. Nilimshika mkono tu, nao ulikuwa na mafuta ya mawese.

"Mama Keza!" fundi aliniita kutoka upande wa pili. "Anekisi tuiweke nyuma?"

Nilitazama mbele ya kiwanja changu, ile nafasi yote.

"Hakuna anekisi," nilimwambia. "Ni nyumba." Nikainuka, nikaenda kushika kamba.