Bongo Yangu na Njia ya Beni

Shule niliacha mwaka wa tatu, nikaanza kubeba viazi kutoka Masereka kwenda kuuza. Leo niko na nyumba ya matofali hapa Vulamba. Hakuna aliyenisaidia.

Lakini kichwa kilinishinda. Tangu camion yangu, lori la viazi, ilipopigwa risasi nikiwa ndani, kwenye njia ya Beni, nikifikiri njia ile tu, moyo unakimbia. Nikaacha kupita kule. Batu niliwaambia ni mugongo unaniuma.

Halafu mutoto wangu akapata muchumba Beni, commune Ruwenzori. Kwetu baba ya kijana anapeleka mbuzi za mahari yeye mwenyewe, kamba mukononi. Akituma mutu mwingine, bakwe banasema amekataa binti yao.

Bibi yangu, mama ya kijana, akaniuliza, “Mugongo yako ndiyo itapeleka mbuzi?”

Nikaenda centre de santé, nikawaeleza baganga woga wangu. “Munipe serum,” nikasema, “ile chupa kubwa ya kutundika.”

Psychologue, munganga wa mawazo, binti wa kutoka Kisangani, akacheka. “Papa, hapana serum ya woga.”

Nilikasirika. Mutu anatokaje kwa munganga bila hata sindano? Akachora bongo kwenye carton.

“Hapa katikati kuko kipande kidogo, kinalinda kama sentinelle mulangoni. Kilisikia risasi, kikaandika: njia hii inaua. Sasa ukiiwaza tu, kinapiga kengele.”

“Basi mumufukuze huyo sentinelle.”

“Hapana, papa. Siku ingine atakuokoa. Tunamufundisha. Na yeye haamini maneno. Anaamini kupita na kurudi muzima. Pita kidogo kidogo, siku njia iko salama. Moyo ukikimbia, usigeuke. Toa pumzi polepole, ungoje utulie.”

Nikachukua moto, pikipiki ya kukodi. Siku ya kwanza mimi na motard tulifika mwisho wa muji tu, nikalowa jasho. Juma lililofuata, tukafika kijiji cha Maboya. Tulikuwa tunasimama, napumua, tunarudi. Motard akashindwa kunyamaza: “Muzee, uko na bibi wa pili huku?”

“Endesha!”

Siku ya mahari tulipanda gari pamoja na mbuzi. Pale pale niliposhambuliwa, moyo ukaanza. Nikatoa pumzi, ndefu, mara nyingi. Sikusema “tugeuke.” Tukapita. Moyo ukatulia kabla ya kufika Beni.

Mukwe, baba ya binti, alizunguka mbuzi zangu, akasema moja imekonda.

“Hata wewe umekonda,” nikamujibu, “na bado nimekuja.”

Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akapokea kamba.